Jembe mlitupatia wiki ya kwanza: barua ya wazi kwa Waziri Mkuu na Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza

Leicester, 5 Februari 2026

Mheshimiwa Keir Starmer, Waziri Mkuu,
Mheshimiwa Shabana Mahmood, Waziri wa Mambo ya Ndani,

Salaam nyingi kwenu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayofikiria nikiwa nimechoka, na asubuhi hii nimetoka zamu ya usiku. Hamtakosa wa kuwafasiria. Na wapo wengi watakaoisoma bila kufasiriwa: wauguzi na walezi wa wazee waliotoka Tanga, Mombasa, Kampala na Bukavu, wanaofanya kazi katika miji yenu, na jamaa zao walioko nyumbani wanaongoja simu ya Jumapili.

Kwetu kuna msemo ambao kila mtoto anaujua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni akishashika jembe anakuwa mtu wa nyumba ile, analima na anakula kama wengine. Mimi jembe nilipewa wiki ile ile niliyofika. Nilitua Oktoba 2022, siku ya Jumatatu, na Alhamisi nilikuwa zamuni nimevaa glavu. Sikulalamika, kwa maana jembe hilo ndilo nililolifuata. Ninacholalamikia ni kuwa shamba limelimwa, mavuno mmekula, na sasa mnasema siku za ugeni wangu zianze kuhesabiwa upya.

Naomba nianze na yale tuliyokubaliana. Februari 2022 serikali iliyokuwa madarakani iliingiza kazi ya kea, yaani kazi hii ya kuwahudumia wazee na wagonjwa, kwenye orodha ya kazi zilizopungukiwa na watu, ili waajiri waweze kutuleta kwa viza ya wahudumu wa afya. Sababu ilijulikana. Uingereza ilikuwa imejitoa katika Umoja wa Ulaya, na tangu mwisho wa 2020 watu wa Poland na Romania hawakuweza tena kuja kufanya kazi bila viza. Katika mwaka wa 2021/22, England peke yake ilikuwa na nafasi karibu 165,000 za kea zisizo na watu. Wazee walikuwa wakibaki vitandani hospitalini ingawa wamepona, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwapokea nje.

Masharti tuliyoyakuta yalikuwa wazi: fanya kazi miaka 5 kwa mdhamini aliyeidhinishwa, usivunje sheria, usiguse fedha za misaada ya serikali, faulu Kiingereza na mtihani wa maisha ya Uingereza, kisha omba makazi ya kudumu. Niliyasoma nikiwa barazani kwa mama yangu Tanga, nikahesabu kwa vidole: 2023, 2024, 2025, 2026, 2027. Nikauza kiwanja changu cha Pongwe. Mama aliniuliza kama nina hakika na Waingereza hawa. Nikamjibu kuwa wakishaandika wameandika.

Tarehe 20 Novemba 2025, Mheshimiwa Waziri, ulisimama Bungeni ukatangaza mpango mpya. Miaka 5 iwe 10 kwa walio wengi. Kwa kazi mnazoziweka chini ya ngazi ya shahada, na yetu imo humo, iwe 15. Na mnapendekeza hesabu hiyo ituhusu hata sisi tuliokwisha kuingia na ambao hatujapata makazi ya kudumu. Mimi ningetimiza Oktoba 2027. Sasa naambiwa Oktoba 2037. Mwanangu alinifuata mwaka 2023 akiwa na miaka 6. Siku hiyo ikifika atakuwa na miaka 20, na utoto wake wote utakuwa umepita mama yake akiwa mtu wa viza.

Sokoni kwetu mtu akipatana nawe kwa pishi, halafu siku ya kupima akaja na kibaba, soko zima humkemea. Hawaulizi kama mwaka ulikuwa mbaya au kama nyumbani kwake wanamsema. Wanauliza mlipatana nini.

Najua mtanijibu kwa takwimu, na sitazikwepa. Watu zaidi ya 600,000, tukiwahesabu na wake, waume na watoto, waliingia kwa viza hii kati ya 2022 na 2024. Ni wengi. Mwaka 2023 idadi ya wanaoingia nchini ukiondoa wanaotoka ilipita 900,000 kwa mwaka, na mwenyeji akishtuka kwa hesabu kama hiyo simwiti mbaguzi. Foleni ya daktari naiona, maana na mimi napanga foleni hiyo hiyo. Nyumba za kupanga hazipatikani. Chumba ninacholala na mwanangu nilikitafuta miezi minne. Lakini hadi Juni 2025 hesabu ile ya wanaoingia ukiondoa wanaotoka ilikuwa imekwisha shuka hadi 204,000. Machi 2024 serikali ya Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, ilikataza walezi wapya kuja na familia zao. Tarehe 22 Julai 2025 ninyi mkaufunga kabisa mlango wa kea kwa walioko nje. Mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango wake. Ila aliyepiga hodi akajibiwa karibu, akaketi, akapewa kazi ya ndani akaifanya, huyo haambiwi tena kuwa hodi yake haikusikika.

Mheshimiwa Waziri Mkuu, hoja hii si yangu peke yangu. Umeisema mwenyewe. Septemba 2025 Nigel Farage alitangaza kwamba chama chake cha Reform UK kikishika serikali kitafuta kabisa makazi ya kudumu, hata kwa waliokwisha kuyapata. Siku chache baadaye, kwenye runinga, ulisema sera hiyo ni ya kibaguzi na haina maadili. Ulieleza na sababu: kuwaondoa wasio na haki ya kuwapo ni jambo tofauti kabisa na kuwageukia watu walioko kihalali, ambao ni majirani. Niliangalia mazungumzo hayo nikiwa napiga pasi sare yangu. Nilikaa chini. Tangu nifike sikuwa nimesikia kiongozi wa nchi hii akituita majirani. Haikupita miezi miwili, serikali yako hiyo hiyo ikatugeukia sisi tulioko kihalali. Sisemi mpango wenu na wa Farage ni kitu kimoja. Ninyi hamtaki kuwanyang'anya waliokwisha kupata. Lakini jirani uliyemtetea Septemba ndiye mimi, na Novemba mlipoandika waraka mlijua nipo.

Nyote wawili ni mawakili kwa taaluma, kwa hiyo nadhani mnaifahamu kesi ya wataalamu walioingia kwa Highly Skilled Migrant Programme, mpango wa viza za wahamiaji wenye ujuzi wa juu. Mwaka 2006 serikali ya Labour, chama chenu, iliwabadilishia masharti watu waliokuwa wamekwisha kuhama na familia zao. Wakachangishana, wakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2008 mahakama ikasema serikali haikuwa na haki ya kuwapimia kwa kipimo kipya watu walioingia kwa kipimo cha zamani. Mwaka 2009 wakashinda tena, na safari hiyo shauri lilikuwa muda wa kungoja makazi ya kudumu, uliokuwa umesogezwa kutoka miaka 4 hadi 5. Mwaka mmoja tu, na jaji aliuona una uzito. Sisi tunaongezewa 10. Sijui sheria za kutosha kusema mahakama itaamua nini kwetu. Viza zetu si zile. Ninachojua ni kwamba walezi wanaolipwa kama mimi hawana fedha za mawakili, na serikali isiyafanye kwa maskini yale iliyokatazwa kuyafanya kwa wataalamu.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi kuliko miaka yenyewe. Mmeweka bei ya mtu. Anayepata pauni 125,140 kwa mwaka apunguziwe miaka 7, katika njia ya miaka 10 abakiwe na 3. Anayepata 50,270 apunguziwe 5. Daktari na muuguzi wa hospitali za umma, miaka 5, na hilo nalipongeza kwa moyo wote. Mlezi, ambaye viza yake inadai alipwe angalau pauni 12.82 kwa saa, 15. Fanyeni hesabu: kuifikia ile 50,270 ingebidi nifanye kazi ya watu wawili, usiku na mchana.

Naomba mje mwone kazi hii ya chini ya ngazi. Saa mbili usiku napokea taarifa kutoka kwa wa mchana: nani hakula, nani kaanguka, nani analia akimwita mume aliyefariki zamani. Kuanzia hapo kila baada ya saa mbili nageuza watu vitandani, mmoja mmoja, kwa utaratibu, maana mzee akilala ubavu mmoja usiku kucha ngozi inachubuka, kidonda kinaingia hadi mfupa, na kidonda hicho kinaua. Kuna ambao maji ya kawaida yanawapalia, lazima yatiwe unga wa kuyafanya mazito, na kila mmoja ana kipimo chake ukutani. Kuna wanaoamka saa nane wakidhani wamechelewa kiwandani ambako walistaafu miaka mingi iliyopita. Huwezi kubishana nao, unawavisha koti, mnatembea hadi mwisho wa korido, mnarudi. Na kuna wanaofariki. Wengi hufariki alfajiri, kabla watoto wao hawajawahi kufika, na mkono walioushika ni wa mtu kutoka Tanga au Harare au Kerala. Sisi ndio tunaowafunga macho na kuwaosha. Kwetu kuosha maiti ni heshima ambayo haipewi kila mtu.

Waraka wenu unasema pia kuwa atakayejitolea kwa jamii anaweza kupunguziwa muda. Nimesoma sehemu hiyo mara tatu. Nafanya zamu nne hadi tano za saa kumi na mbili kwa wiki, nikitoka namwahi mwanangu shuleni. Ningejitolea wapi zaidi ya hapo?

Kuna jambo la waajiri ambalo sitaki lipite. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 Home Office, yaani Wizara ya Mambo ya Ndani, ilifuta leseni za wadhamini wa kea zaidi ya 470, na wafanyakazi zaidi ya 39,000 waliguswa. Mdhamini akifutiwa, mfanyakazi hupewa siku 60 atafute mwingine au aondoke. Mwenzangu mmoja wa Mombasa alilipa wakala fedha za ukoo mzima, akafika akakuta hakuna kazi ya kutosha, saa sita tu kwa wiki, na mwajiri anamwambia akilalamika viza itakatwa. Alivumilia miezi tisa. Viza inayomfunga mtu kwa mwajiri mmoja humpa mwajiri huyo mjeledi, na ninyi mnataka kuurefusha mjeledi huo kutoka miaka 5 hadi 15. Mnasema mnapambana na unyonyaji, nami naamini mnataka. Basi fungeni viza kwenye kazi yenyewe, mtu aweze kuhama kutoka nyumba moja ya wazee hadi nyingine bila kuanza kuhesabu siku 60.

Nimetaja Leicester juu ya barua, na si kwa bahati. Kwenye korido yangu kuna mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, Uganda. Ugonjwa wa kusahau umemla Kiingereza chote. Kimebaki Kigujarati, na Kiswahili cha dukani alichojifunza utotoni. Usiku wa kwanza nilipomsikia akisema "lete maji, tafadhali" niliangusha taulo. Tangu hapo tunaamkiana. Mimi namwambia shikamoo, yeye anasema marahaba mwanangu, na analala.

Mzee huyu na wenzake wamewahi kupimiwa kibaba. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya, watu wenye pasi za Uingereza mkononi, walipoanza kuja kwa wingi, serikali ya Labour ya Harold Wilson, na James Callaghan akiwa katika kiti chako hicho, Mheshimiwa Mahmood, ilipitisha sheria ya kuwazuia kwa siku 3 tu. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema walichotendewa kilikuwa cha kudhalilisha. Na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, halmashauri ya mji huu wa Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije hapa. Walikuja. Walifungua maduka, wakafanya kazi viwandani, na leo zaidi ya watu wawili katika kila watano wa Leicester wana asili ya Asia, na mji unaisherehekea Diwali yao kama yake. Hakuna anayelitaja tangazo lile kwa fahari. Wewe mwenyewe, Mheshimiwa Waziri, ni binti wa watu wa Mirpur, huko Kashmir, waliokuja kutafuta maisha. Nakuuliza kama mama kwa mwanamke mwenzangu: wazazi wako wangeongezewa miaka 10 ya kuishi roho mkononi, ungesoma ukafika hapo ulipo?

Mheshimiwa Waziri Mkuu, tarehe 12 Mei 2025 ulisema nchi hii iko katika hatari ya kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Mwezi uliofuata ulisema unajuta sana kuyatamka, na mimi nilikuheshimu kwa hilo, maana viongozi wachache hujuta hadharani. Katika lugha yangu asiyejulikana na anayekaribishwa wote wanaitwa mgeni, na kinachomtoa mtu kwenye ugeni ni kukaa. Mwaka 2020 ulipogombea uongozi wa Labour uliahidi kutetea haki za wahamiaji. Nini kimekusogeza, kama si hofu ya Reform?

Hofu hiyo haiwapi kura. Maafisa wenu walikwenda Denmark kujifunza, na tarehe 17 Novemba mkatangaza sheria za hifadhi za mtindo wa kule: mkimbizi apewe miezi 30 badala ya miaka 5, kisha akaguliwe tena na tena, na makazi ya kudumu ayangoje miaka 20. Nawafikiria Wakongo wanaokuja kanisani karibu nasi, waliokimbia vita vya Kivu. Mtu kama huyo atapanda mti gani katika miezi 30? Siku iliyofuata, tarehe 18, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilipiga kura, na chama cha Social Democrats cha Mette Frederiksen, Waziri Mkuu wa Denmark wakati huo, hao walimu wenu, kikaupoteza mji ambao kilikuwa kimeushika kwa zaidi ya miaka 100, na waliouchukua walitoka kushoto kwao. Oktoba mambo kama hayo yalikuwa yamewapata ninyi huko Caerphilly, Wales, kiti mlichokishika tangu Bunge la Wales lianze mwaka 1999. Labour mliambulia asilimia 11. Reform hawakushinda, walioshinda ni Plaid Cymru, chama cha Wales. Watu waliotaka kumzuia Farage walikwenda kwa asiyemwiga.

Ulaya kwenyewe hakuna njia moja. Giorgia Meloni, ambaye hakuna atakayemwita rafiki wa wahamiaji, serikali yake iliidhinisha viza za kazi karibu 500,000 kwa miaka ya 2026 hadi 2028, kwa sababu Italia ina wazee na mashamba yasiyo na watu. Wiki iliyopita Pedro Sánchez wa Hispania ameanza mpango wa kuwapa karatasi wahamiaji karibu nusu milioni wasio nazo. Hao hawana karatasi na wanasamehewa. Sisi tulifuata kanuni zote.

Kuna jambo wengi wenu hamlitaji, na wengi wetu hatulijui, kwa hiyo naliandika hapa kwa herufi za kusomeka na wote wawili. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata ya Bunge, bila kungoja makazi ya kudumu. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wamo. Tarehe 7 Mei mwaka huu kuna kura London, Birmingham, Scotland na Wales. Ndugu zangu mnaosoma, kama viza yenu iko hai, jiandikisheni. Sitawaambia mchague nani.

Ninachoomba ni kidogo. Aliyeingia kabla ya sheria mpya amalize kwa miaka 5 aliyoahidiwa. Mabadiliko yote mnayoyataka yawekeni kwa atakayekuja baada yake, naye ayasome kabla ya kuuza kiwanja chake. Na mlezi msimweke nyuma ya muuguzi kwa miaka 10, wakati wote wawili wameinamia kitanda kimoja.

Mmesema maoni yanapokewa hadi tarehe 12 mwezi huu, na kwamba mabadiliko yataanza Aprili. Yangu nimekwisha kuyatuma kwa Kiingereza kwenye fomu yenu, na nakala ya barua hii naituma kwa mbunge wangu. Mama ananiuliza kila Jumapili kama Waingereza wamejibu. Kesho saa mbili usiku naingia zamuni, na mzee wa Jinja ataniitikia marahaba.

Wenu kwa heshima,

Mlezi wa zamu ya usiku, Leicester